Maharage ya Watu Mia: Vidokezo vya Jiko la Kilole

Ukipigiwa simu asubuhi ukaambiwa, "Mama, kesho tuna watu kama mia, wewe shika upande wa maharage," usibabaike. Hapa Kilole, Korogwe mjini, shughuli haziishi: leo hitima, keshokutwa arobaini, Jumamosi harusi ya mtoto wa jirani. Nyama hupikwa kulingana na mfuko wa mwenye shughuli, lakini maharage hayakosi. Na ndiyo yanayotuangusha mara nyingi, kwa kuwa kila mtu anaamini anajua kuyapika. Anajua ya watu sita. Ya watu mia ni kazi nyingine kabisa.

Huko Marekani iko jamii ya Wakristo iitwayo Amish. Wengi wao wanaishi Pennsylvania, Ohio na Indiana, hawavuti umeme wa gridi majumbani, husali nyumba kwa nyumba kwa zamu, na ghala la mwenzao likiungua hukusanyika kwa wingi kulisimamisha upya. Umati wa namna hiyo lazima ule. Katika mapishi yanayobeba jina lao kuna maharage yanayookwa polepole kwenye oveni kwa saa kadhaa, yakitiwa molasi, haradali na nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Nilipoyasoma niliona kazi ni ileile yetu. Oveni hatuna, lakini kupalia moto tunajua. Badala ya molasi ipo sukari guru. Na penye mafuta ya nguruwe, sisi Watanga tuna nazi. Basi twende jikoni.

1. Nunua maharage ya msimu mmoja, kutoka gunia moja.

Kidokezo hiki ndicho kinachobeba vingine vyote. Maharage yetu mengi hushuka kutoka milima ya Usambara, upande wa Lushoto, Soni na Bumbuli, ambako hulimwa masika na vuli. Ya masika huanza kuonekana sokoni karibu na Juni, ya vuli Januari na Februari. Maharage mapya yanang'aa, na rangi yake ni changa. Yaliyokaa hufifia au kuwa meusimeusi, na ganda lake hukazana. Joto na unyevu ndivyo vinavyoyaharibu: gunia likikaa stoo ya bondeni miezi mingi, maharage hugeuka ya kutoiva hata uyachemshe kutwa. Ni mabadiliko ndani ya punje yenyewe, wala si bahati mbaya ya mpishi.

Niliwahi kununua kwa muuzaji mmoja aliyechanganya mapya na ya mwaka uliopita. Kufika saa nne asubuhi, nusu ya sufuria ilikuwa uji na nusu ilikuwa kokoto. Hakuna dawa ya hali hiyo. Tangu siku ile nachukua kikombe kimoja kwanza, nakwenda kukijaribu nyumbani, ndipo narudi kuchukua sado au debe. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia.

Aina gani? Mekundu, ya njano au yenye madoa, yote yanafaa mradi usiyachanganye, maana kila aina ina muda wake wa kuiva. Mimi napenda yale makubwa yenye madoa mekundu kwa sababu hayapasuki ovyo na mchuzi wake ni mzito.

2. Piga hesabu kabla ya kuwasha moto.

Kwa watu 100 wanaokula wali na maharage bila mboga nyingine kubwa, chukua maharage makavu kilo 10. Yakilowekwa huongezeka zaidi ya mara mbili. Yatajaza karibu ndoo moja na nusu ya lita 20, na bado hujatia maji wala tui. Sufuria moja haitoshi. Azima mbili za lita 40 kila moja.

Vikorombwezo vyake: vitunguu maji kilo 2, nyanya kilo 3, karoti kilo 1, hoho saba au nane, vitunguu saumu vichwa vinne, tangawizi kipande cha kiganja, mafuta lita 1, nazi 10 hadi 12 kubwa, sukari guru robo kilo, na chumvi robo kilo ambayo hutaimaliza yote. Kama pilau ya nyama ipo na maharage ni ya pembeni tu, kilo 6 zinatosha.

3. Chambua mchana, kweupe.

Usichambue kwa taa ya simu. Jiwe moja likivunja jino la mzee, hiyo ndiyo habari itakayobaki mtaani. Gawa ungo nne kwa watu wanne, saa nzima kazi imekwisha.

4. Loweka usiku, lakini usipitilize.

Saa mbili usiku inatosha ukitaka kubandika alfajiri. Tumia ndoo tatu, kila moja isizidi theluthi moja ya maharage, kisha maji juu yake yapite kwa kiasi kikubwa, kwa sababu yatanyonya na kufura. Tia chumvi kidogo kwenye maji ya kulowekea, kijiko kikubwa kimoja kwa kila ndoo. Wengi tumefundishwa kwamba chumvi inayafanya maharage kuwa magumu. Kwenye maji ya kulowekea ni kinyume: hulainisha ganda.

Usiku wa Korogwe una joto, tofauti na Lushoto. Ukiyaacha zaidi ya saa kumi na mbili yanaanza kutoa povu na harufu ya kuchacha. Asubuhi mwaga maji yale yote, suuza, tia mengine. Sehemu ya kile kinachojaza watu tumbo gesi huondoka na maji hayo.

5. Jihadhari na maji ya chumvichumvi.

Maji ya kisima ambayo sabuni haitoi povu vizuri ndiyo adui wa maharage. Madini yaliyomo, hasa kalisi, hukaza ganda na kuongeza saa nzima ya kuni au zaidi. Tumia maji ya mvua au ya bomba kupikia, ya kisima yaoshee vyombo. Ndugu zetu wa Handeni, ambako maji yamekuwa shida miaka mingi, wanalijua jambo hili kuliko sisi; huko nimekuta wapishi wamejikingia maji ya mvua kwenye pipa kwa ajili ya siku ya shughuli tu.

6. Anza na moto mkali.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini. Punje chache tu ambazo hazijaiva zinaweza kumtapisha mtu mzima na kumharisha. Sumu hiyo huvunjwa na maji yanayochemka kwelikweli, kwa dakika 10 au zaidi. Mimi nayaachia nusu saa ya mchemko mkubwa kabla sijapunguza kuni. Moto mdogo wa kuvuguvugu hauiondoi. Kwa hiyo usithubutu kuchukua maharage yaliyolowekwa tu ukayapalia au kuyaoka moja kwa moja. Kwanza yachemke, engua povu, ndipo upunguze moto na kufunika.

Bandika baada ya sala ya alfajiri. Maharage mapya yaliyolowekwa vizuri yatakuwa tayari kati ya saa moja na nusu na saa mbili baada ya kuchemka. Yakipungua maji, ongeza ya moto, si ya baridi.

7. Nyanya, ndimu, ukwaju na sukari guru vikae mbali mpaka maharage yaive.

Mwaka mmoja kwenye hitima nilimimina nyanya zote mapema, nikidhani naokoa muda. Saa sita mchana maharage yalikuwa bado yanagonga meno. Wali ulishaiva, ukapoa. Wageni waliotoka mbali walikula saa tisa, na wengine waliondoka na njaa wakiwahi basi la Moshi. Ile aibu ilinifundisha kitu ambacho kina sababu yake: uchachu huzuia ganda la maharage kuachia, na sukari nayo huchelewesha. Punje ikishakuwa laini, vyote hivyo ni rafiki, kwa sababu vinaifanya ishikamane isigeuke rojo.

Bonyeza punje tano kutoka pande tofauti za sufuria kwa ulimi juu ya kaakaa. Zote tano zikipondeka bila meno, endelea. Moja ikikataa, subiri.

Na magadi je? Najua wapo watakaoyatia ili kuharakisha. Yanaharakisha, ndiyo, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni yakizidi kidogo tu. Maharage mapya hayahitaji magadi.

8. Ungia pembeni.

Usikaange vitunguu kwenye sufuria yenye lita 30 za maharage. Tafuta karai, kaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya dhahabu, tia saumu na tangawizi, nyanya zipikike mpaka mafuta yatoke juu, karoti na hoho mwisho. Sukari guru iliyopondwa iyeyukie humo. Kisha gawa sawasawa kwenye sufuria zote mbili. Ukitaka mchuzi mzito, ponda upawa mmoja wa maharage kwenye karai na urudishe. Usitie unga wa ngano.

9. Tui jepesi kwanza, tui zito mwisho.

Kuna nazi 10 hadi 12 za kukuna, kwa hiyo mbuzi zisipungue tatu. Vijana wakune, ni kazi yao pia. Tui la pili na la tatu litangulie, lichemke na maharage kama robo saa. Tui la kwanza lihifadhi kwa ajili ya kidokezo kinachofuata. Likiingia mapema kwenye moto mkubwa hukatika, mafuta yakajitenga na ule weupe wake ukapotea.

10. Palia kama unavyopalia wali.

Hapa ndipo maharage ya umati yanapopata jina. Saa tano hivi, toa kuni chini ya sufuria, acha makaa machache tu yaliyotandazwa. Mimina tui zito juu, zungushia mwiko mara mbili taratibu, kisha acha kukoroga. Funika kwa kifuniko cha bati kilichobana au sinia zito, na juu yake panga makaa ya moto, mengi pembeni na machache katikati. Acha dakika 40 hadi saa nzima.

Joto la juu na la chini kwa pamoja ndiyo oveni. Tui linagandamana juu, linapata wekundu kidogo, sukari guru inaiva na kutoa harufu ya karameli, na maharage yanakunywa mchuzi badala ya kuogelea ndani yake. Sufuria ya maharage ikikorogwa moto mkubwa ukiwa chini, lazima ishike, na harufu ya kuungua hupenya sufuria nzima. Ikipaliwa haishiki, na mpishi anapata saa nzima ya kuoga na kubadili kanga kabla wageni hawajakaa mkekani.

Mambo mawili tu ya kuangalia: futa majivu kwa kitambaa chenye maji kabla ya kufunua, na asimame mtu mzima karibu kuwazuia watoto. Kifuniko chenye makaa kikidondoka kinaunguza vibaya.

11. Onja chumvi baada ya kupalia, si kabla.

Mchuzi umepungua, kwa hiyo ladha imeongezeka.

12. Pakua yakiwa ya moto, na usilaze yaliyobaki ndani ya sufuria.

Upawa mmoja wa kujaa kwa kila sahani, mzunguko wa kwanza watu wote wapate, ndipo useme karibu tena. Maharage yakibaki, gawa mapema kwenye bakuli pana na hotipoti za majirani wakale usiku. Sufuria kubwa inachukua saa nyingi kupoa, na katikati yake hubaki vuguvugu ambamo vijidudu huzaliana. Maharage yenye tui huchacha haraka kuliko ya kawaida. Ya kesho yake yachemshe upya mpaka yatokote, uyale na mandazi. Yakinuka, mwaga bila huruma.

13. Usiwape kazi watoto wa kike peke yao.

Nimepika shughuli nyingi Kilole, na kila mara wasichana ndio wanaokosa shule kwa ajili ya sufuria za wakubwa. Kuchambua, kukuna nazi, kupasua kuni na kubeba maji havichagui jinsia. Mwenye shughuli azigawe kazi hizo wazi kabla hazijaanza, akitaja majina.

14. Rudisha sufuria za watu siku hiyohiyo.

Loweka kwa maji ya moto mara tu baada ya kupakua, sugua nje kwa majivu na mchanga, ndani kwa jani au sponji. Hesabu vifuniko, miiko na ungo, kila kimoja kifike kwa mwenyewe kabla ya magharibi.