Jinja kwa wasafiri wa Masisi na Walikale: mto uliopokea majivu ya Gandhi

Masisi na Walikale tumewajua Wahindi zaidi kupitia askari wa MONUC, baadaye MONUSCO, waliopiga kambi kwetu miaka mingi. Wengi wetu hatujui kwamba Wahindu wana mahali pao pa heshima kando ya mto hapa hapa Afrika Mashariki: Jinja, Uganda, pale Nili inapotoka Ziwa Victoria.

Mahatma Gandhi aliuawa Delhi Januari 30, 1948. Mwili ulichomwa kwa desturi ya Kihindu, na Februari 12 sehemu ya majivu ikatiwa majini Allahabad, mji ambao leo unaitwa Prayagraj. Hapo mito Ganga na Yamuna hukutana, na Wahindu huamini kuwa mto wa tatu, Sarasvati, unajiunga nayo bila kuonekana. Mafungu mengine ya majivu yalipelekwa kwingine, na moja likamwagwa Jinja mwaka huohuo. Mwaka 1997 waziri mkuu wa India, I. K. Gujral, alizindua sanamu ya Gandhi kwenye bustani iliyo ukingoni.

Jinja penyewe si makutano ya mito. Ila maji ya Mto Rutshuru huingia Ziwa Edward, yakashuka kwa Semliki hadi Ziwa Albert, na huko ndiko yanakokutana na haya ya Jinja. Sisi wa Lowa na Osso hatumo katika hesabu hiyo. Maji yetu yanakwenda Lualaba na kuishia Atlantiki.

Njia ndiyo kazi. Ile ya mkato, Bunagana hadi Kisoro, imo mikononi mwa M23 tangu Juni 2022. Wengine hupitia Gisenyi na Kigali. Walioko Butembo na Beni hupita Kasindi, Kasese, kisha Kampala. Waulize madereva siku ileile unayotaka kuondoka, maana habari ya wiki jana haina faida. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na dola ambazo hazijachanika. Kampala hadi Jinja ni kilomita 80 hivi, lakini foleni ya Mukono inaweza kula nusu ya asubuhi. Ondoka alfajiri.

Ukifika, panda bodaboda hadi lango la Chanzo cha Nili. Kuna kiingilio, na mgeni hutozwa zaidi ya mwenyeji; kwa kuwa Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, onyesha kitambulisho na uulize kama kuna bei yako. Bustani ya Gandhi iko upande huu wa mji. Nguzo ya Speke, Mwingereza aliyefika mwaka 1862, iko ng'ambo. Usitafute maporomoko ya Ripon aliyoyaona yeye: yalizama baada ya bwawa la Owen Falls kukamilika mwaka 1954.

Wenye mitumbwi watakuita kabla hujakaribia maji. Patana bei ukiwa bado nchi kavu, na vaa jaketi la kuokolea hata kama nahodha anacheka. Atakupeleka pale maji yanapochemka kutoka chini, viduara vikipanuka juu ya uso wa mto kama ugali unaotokota. Panapendeza, lakini kwa maoni yangu wageni wengi huharakia mtumbwi na kumpa Gandhi dakika mbili za picha. Fedha ikiwa kidogo, acha mtumbwi, ukae bustanini.

Usioge. Mkondo una nguvu na ziwa lina kichocho; kuchovya vidole kunatosha. Ukikuta familia imeshika maua au chungu cha majivu, simama mbali na uweke simu mfukoni. Ni msiba wa watu. Ukiingia hekalu la Kihindu mjini, vua viatu mlangoni, usiende na nyama wala pombe, na ukipewa kitu kitamu kilichobarikiwa, kipokee kwa mkono wa kulia.

Wenyeji Wasoga nao wana ibada zao kwa mto huu, wanaouita Kiyira, hasa upande wa Bujagali, ambako maporomoko yalifunikwa na bwawa jingine mwaka 2011. Heshima ni ileile.

Siku ya kuzaliwa Gandhi ni Oktoba 2. Ukitaka kuwaona Wahindu wakimkumbuka, panga safari yako iangukie hapo; ukitaka utulivu, chagua siku nyingine ya katikati ya wiki, asubuhi.