Ari ya Kusoma Hainunuliwi kwa Zawadi

Mitihani ikikaribia, ahadi huwa nyingi majumbani: ukishika namba moja nitakununulia baiskeli, ukifeli utanitambua. Zawadi na fimbo vyote humkalisha mtoto mezani. Lakini baiskeli ikishanunuliwa, au mwenye fimbo akiwa hayupo, kinachomrudisha mtoto kwenye daftari ni ari yake mwenyewe. Ari hiyo hujengwa, na pia huweza kubomolewa na watu wenye nia njema.

Mwaka 1973, Mark Lepper na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Marekani kwa watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti chenye utepe likichora. La pili lilichora, kisha likapewa cheti bila kutarajia. La tatu halikupewa kitu. Baadaye kalamu ziliwekwa tena darasani, kila mtoto akiwa huru kuchora au kucheza. Wale walioahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu tu ya muda waliotumia wenzao. Mchezo walioupenda ulikuwa umegeuka kazi ya malipo.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wanaeleza kwamba ari ya ndani hutegemea mambo matatu: mtu kuwa na kauli katika anachofanya, kujiona anaweza, na kujiona anathaminiwa na walio karibu naye. Nyumbani na darasani, mambo hayo yanaweza kutekelezwa hivi:

Mpe nafasi ya kuchagua. Kusoma ni lazima, lakini aanze na Hesabu au Kiswahili, kabla au baada ya kula, aamue mwenyewe. Mwalimu naye anaweza kutoa mada tatu za insha, kila mwanafunzi achague moja.

Tafuta chanzo cha kosa. Mtoto akiandika 52 − 27 = 35, usiishie kwenye alama ya kosa. Mwombe akuonyeshe alivyofanya. Utagundua alitoa 2 kwenye 7, badala ya kukopa kumi moja. Akisharekebisha hapo, mpe swali jingine la aina hiyo alifanye mwenyewe. Mtoto huanza kujiamini pale anapoona kwa macho yake kwamba jana hakuweza na leo ameweza.

Sifu alichofanya. Utafiti wa Claudia Mueller na Carol Dweck wa mwaka 1998 ulionyesha kuwa watoto waliosifiwa kwa akili zao walikata tamaa upesi walipokutana na maswali magumu, kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Badala ya "una akili sana," sema "umerudia swali hili mpaka ukalipata."

Acha kumlinganisha na wengine. Anayeambiwa kila siku amtazame dada yake hujifunza kwamba thamani yake nyumbani inapimwa kwa alama. Linganisha ripoti ya muhula huu na ripoti yake ya muhula uliopita.

Zawadi haijaharamishwa. Mpe bila ahadi ya awali, kama pongezi ya kazi iliyokwisha kufanyika, au itumie kumsukuma aanze jambo asilolipenda kabisa, kisha uipunguze kadiri anavyozoea.

Mzazi, leo jioni usianze kwa kuuliza amepata ngapi. Muulize amejifunza nini, kisha umpe muda akueleze.