Gari limechemsha, sasa haliwaki

Swali: Msomaji ana Toyota Corolla ya 1996. Ilichemsha kwenye mlima wa Kitonga, ikazimika, na tangu hapo haiwaki. Aanzie wapi?

Jibu: Aache ufunguo kwanza. Mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka injini ipoe kabisa. Maji yaliyobanwa humo hupita nyuzi 100 bila kuchemka, na mfuniko ukifunguliwa huruka na kuunguza uso.

Ikishapoa, fundi asikilize starta. Ikizungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, bila ule mdundo wake, mgandamizo umepotea: huenda gasketi ya silinda hedi imeungua, au hedi yenyewe imepinda. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa, au plagi iliyolowa maji, huongeza ushahidi. Injini ikigoma kuzunguka, plagi zing'olewe kabla ya kujaribu tena, kwa sababu maji ndani ya silinda hayabanwi na yanaweza kupinda konrodi.

Ikizunguka kawaida, zitazamwe cheche. Koili za magari ya umri huo hufa kwa joto.

Kisha kitafutwe chanzo: feni, thamostati, wota pampu, rejeta iliyoziba kwa kutu. Fundi anayebadili gasketi bila kupima unyoofu wa hedi anamrudisha mteja Kitonga na ugonjwa uleule.