Niliyojifunza Nikiwatetea Wenzangu Kiwandani

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi katika kiwanda cha plastiki kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Nililetewa malalamiko saa ya chai, mengine getini, mtu akiwa tayari na barua ya kuachishwa kazi mkononi. Haya ndiyo mafunzo niliyoyapata.

1. Usingoje ahadi, angalia tarehe. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine yana siku 60. Mwenzetu wa mashine ya ndoo aliambiwa, "Njoo wiki ijayo, bosi kasafiri," mpaka mwezi ukakatika. Alipofika Tume, hata kabla ya kuulizwa alifukuzwa kwa nini, alitakiwa aombe kuongezewa muda na aeleze sababu za kuchelewa. Jaza Fomu Namba 1 huku mazungumzo yakiendelea. Tume yenyewe huanza kwa kuwasuluhisha, kwa hiyo mlango wa kuelewana haufungwi.

2. Kukosa mkataba wa maandishi si mwisho wa haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ayaweke masharti ya ajira kwa maandishi. Akishindwa kuyatoa shauri likisikilizwa, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Hata hivyo, uwe na cha kuonyesha kwamba ulifanya kazi pale: meseji za mshahara, kitambulisho cha geti, taarifa ya michango ya NSSF.

3. Nenda na hesabu. Zamu yetu ya usiku ilianza saa 1 jioni na kuisha saa 1 asubuhi. Slipu iliandika "posho ya usiku" tu, kiasi kilekile kila mwezi. Sheria inataja saa 45 za kawaida kwa wiki; zinazozidi hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezewa asilimia 5. Tulipokuwa tukilalamika kwamba tunaonewa, meneja alitutuliza kwa maneno. Tulipomwekea mezani nakala ya daftari la mahudhurio na jumla ya kila mtu, ilibidi amwite mhasibu.

4. Soma kabla ya kusaini. Siku ya kuondoka watu huwekewa karatasi mbele: "Nimeacha kazi kwa hiari, sidai chochote." Anayesaini kwa kukimbilia nauli huweza kupoteza notisi na kiinua mgongo. Aliyeachishwa baada ya kufanya kazi mwaka mmoja au zaidi kwa kawaida hustahili mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Omba nakala, ondoka nayo, mtafute mwakilishi wako aisome. Mwajiri asiyeficha kitu hatakunyima siku moja ya kufikiri.