SOMO: MCHEZAJI AKIUZWA NG'AMBO



Mchezaji wa kandanda ni mfanyakazi. Ana haki ya kwenda penye mshahara bora. Mwaka 2011 Simba ya Dar es Salaam ilimwuza Mbwana Samatta kwa TP Mazembe ya Lubumbashi. Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika, naye akiwa mfungaji wake mkuu. Mwaka 2016 akahamia Genk, Ubelgiji.

Ligi inayoachwa hupata hasara gani? Mabao huhama na mchezaji. Watazamaji wakipungua, viingilio hupungua. Klabu ikikosa fedha, huuza kijana mwingine, tena mapema zaidi.

Je, dawa ni kumzuia? La. Sheria ya FIFA inasema mchezaji akiuzwa nchi nyingine mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei wagawane klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Bei ikiwa dola 100,000, walezi wana dola 5,000. Lakini klabu isiyomwandikisha kijana haina la kudai, kama kibarua ambaye jina lake halimo katika daftari la nyapara.

Maswali ya kujadiliana:
1. Timu ya kiwanda au shamba lenu huwaandikisha vijana wake?
2. Daftari hilo anatunza nani?