Nimeahidi mbegu, na hela ni ada ya mtoto

Mimi ni mama lishe hapa Morogoro, mume wangu anaendesha bodaboda. Mwezi jana kanisani kwetu kulikuwa na semina. Siku ya mwisho mtumishi mgeni akasema anaona milango ya watu inafunguka, anayeguswa apande mbegu ya laki nne. Niliguswa kweli, nikasimama, nikajaza kadi ya ahadi. Hela ninayo, ila ni ada ya binti yetu anayesomea uuguzi. Tumeidunduliza mimi na baba yake tangu Januari, na chuo kinaitaka kabla ya mitihani. Mume hajui. Juzi nimepigiwa simu na mhudumu, akanikumbusha habari za Anania na Safira. Tangu hapo usingizi sina. Nikitoa namkosea mtoto, nisipotoa naogopa laana. Nampenda Mungu, Shangazi, sitaki kumnyima.

Mwenye Hofu, Morogoro

Hofu hiyo itue kwanza, mwanangu, maana aliyekutisha na Anania amekusimulia nusu tu. Fungua Matendo ya Mitume 5, mstari wa 4. Petro anamwambia Anania kwamba kiwanja kilikuwa chake kabla hakijauzwa, na kilipouzwa fedha bado ilikuwa mikononi mwake. Hakuna aliyemdai. Kosa lake ni uongo: alileta sehemu, akajifanya ameleta yote. Wewe umemdanganya nani? Labda mumeo kidogo, kwa kunyamaza, na hilo linatengenezeka leo usiku.

Ahadi yako siipuuzi. Maandiko yanataka aliyeweka nadhiri aitimize. Lakini Maandiko hayohayo yalimjua mtu asiye na uwezo. Walawi 27 imetaja viwango vya nadhiri, shekeli 50 kwa mwanamume wa miaka 20 hadi 60, shekeli 30 kwa mwanamke. Halafu mstari wa 8 unasema asiyemudu asimame mbele ya kuhani, naye ampangie upya kadiri ya alichonacho. Kuhani aliwekwa pale ampunguzie mtu mzigo. Hilo andiko sijui kwa nini halisomwi kwenye semina, na linaniuma, kwa sababu wanaosimama kujaza kadi mara nyingi ni kina mama kama wewe.

Sasa hela yenyewe. Hiyo si yako peke yako; ni jasho la watu wawili, na imeshapangiwa mtu wa tatu. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea watu waliowaambia wazazi wao kwamba kile ambacho kingewasaidia kimeshakuwa Korbani, yaani kimetolewa kwa Mungu. Pale walionyimwa ni wazazi. Akinyimwa mtoto, mimi sioni tofauti.

Hata hilo neno la kupanda na kuvuna limetoka kwa Paulo, 2 Wakorintho 9, na alikuwa akichangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Alikataza mtu kutoa kwa kulazimishwa. Sura ya 8 anasema Mungu anakubali kadiri ya alichonacho mtu, si asichonacho, tena akaweka watu wa kusafiri na fedha hizo ili asishukiwe. Baraka aliyowaahidi Wakorintho ni kuzidishiwa ili wazidi kugawa.

Sisemi uache kutoa. Kwenye sharika za Kilutheri utaona mnada nje baada ya ibada: kuku kafungwa miguu, mkungu wa ndizi, mayai machache kwenye kitambaa. Mtu ananunua yai kwa bei ya trei, kisha analirudisha linadiwe tena, watu wanacheka na kupiga vigelegele. Mama aliyeyaleta hakuwa anasubiri mlango ufunguke. Kuku wake ametaga, amekuja kushukuru. Natamani moyo huo uurudie, maana ulikuwa nao kabla ya semina. Barua yako inaonyesha.

Na binti kufika chuo cha uuguzi kutoka kwenye sufuria zako za wali na maharage, mwanangu, hiyo ni baraka iliyokwisha kuingia nyumbani. Itunze.

Fanya hivi. Mweleze mumeo yote, na kadi umwonyeshe. Kisha nendeni wote wawili kwa mchungaji wenu, si kwa yule mgeni, mkiwa na Walawi 27:8. Semeni mnachoweza kutoa kwenye mauzo ya chakula, hata elfu tano kwa wiki, na mkitoe kweli. Akipokea, mshukuruni. Aking'ang'ania kwamba ni laki nne au laana, inukeni mwende nyumbani kwa amani, na shilingi ya ada isiguswe. Ada ilipwe wiki hii.