Kamera Inapoingia Nyumbani



Somo la mwezi huu limetokana na mama mmoja wa kikundi ninachotembelea. Mkutano ulipokwisha alibaki nyuma akaniambia: "Mwalimu, binti yangu amepata kazi ya kompyuta, anaifanyia hapa nyumbani. Tajiri wake anataka kamera iwe wazi kutoka asubuhi hadi jioni. Nyumba yetu ni chumba na sebule. Siku hizi siwezi hata kupita na leso yangu. Nimekuwa mgeni kwangu."

Wenzake walicheka. Mimi nilienda nalo nyumbani.

Kazi za namna hii zilienea sana wakati wa Korona, mwaka wa 2020, na vijana wetu wengi wanazitafuta. Ni kazi halali, tusiwavunje moyo. Lakini aliyeajiriwa ni mmoja, na wanaoonekana ni wote waliomo: mtoto anayeogeshwa, dawa za baba juu ya meza, yunifomu yenye jina la shule.

Je, tajiri ana haki hiyo? Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya 2010 kinalinda faragha ya mtu, nyumba yake na mambo ya jamaa yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inasema anayekusanya habari za watu asichukue zaidi ya zile anazohitaji. Huko Uholanzi, mwaka wa 2022, mfanyakazi wa kampuni ya Kimarekani alifutwa kwa kukataa kuwasha kamera mchana kutwa. Mahakama ya Tilburg ilisema kumfuta hivyo ni makosa, na kampuni ikaamriwa kumlipa. Hukumu hiyo haifungi mahakama za Kenya, lakini inafaa kujulikana.

Hata hivyo sikumshauri binti aende kwa hasira, maana kazi ni adimu. Aandike kwa heshima: "Naomba kuwasha kamera wakati wa mkutano, kisha niizime nifanye kazi. Naishi na wazazi wangu." Wakati huo huo akae akitazama mlango, mgongo uelekee ukuta, au atundike leso nyuma yake. Ile njia ya kompyuta kufifisha yaliyo nyuma husaidia, lakini mtu akipita karibu huweza kuonekana. Na awaambie wa nyumbani saa za mkutano mapema. Wengi husahau hili, na ndilo huleta aibu.

Kazi ikiisha, ahakikishe ametoka mkutanoni kabisa. Kompyuta nyingi zina taa ndogo kando ya kamera. Simu nyingi za karibuni huonyesha alama ya kijani juu ya kioo. Ikiwaka, huenda unaonekana. Kipande cha karatasi na gundi juu ya kamera kinatosha, ila jueni kinazuia picha, hakizuii sauti. Maikrofoni huzimwa peke yake. Nimewahi kumsikia mtu akigombana na mkewe, sote tumenyamaza kama tuko kanisani.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Vikundi vingine hufanya mikutano kwa simu ili walio Nairobi au Saudia washiriki. Mwenyekiti asilazimishe kamera muda wote. Kama ni kupiga kura au kukubali udhamini wa mkopo, mtu aonyeshe uso, atambuliwe, kisha azime akitaka. Bando nayo ni pesa. Wala katibu asipige picha ya kioo na kuisambaza kabla ya kuwauliza waliomo. Mwaka wa 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ni kikundi gani chetu kina pesa hizo?

Mkikutana tena, mmoja wenu mwenye simu awashe kamera mahali anapokaa kila siku, na wengine watazame kimya. Kila mtu ataje alichokiona ambacho mwenye nyumba hakukusudia kukionyesha. Kisha mwulizeni: nani mwingine anaishi hapo, na je, aliulizwa?